Mnafiki Wangu

Siku ya gulio pale Bariadi, steshenari ya Nyanjige hushindiliwa watu kama pamba guniani. Huyu anataka kopi, yule picha ya pasipoti, na Nyanjige, kitenge cha njano kimemkaa vyema kiunoni, hana hata nafasi ya kukohoa. Ndipo akaingia Athanasi, frateri aliyeletwa parokiani kwa mwaka mmoja kabla ya kurudi seminarini kusomea upadri. Shati lake lilikuwa jeupe, viatu vimejaa vumbi, mkononi ameshika daftari.

"Dada, nichapie hii. Ni chimbuko la falsafa ya Wagiriki, jinsi ilivyokua jirani na maigizo."

"Hao Wagiriki walikuwa wanalima nini?"

"Maswali."

Nyanjige akacheka mpaka akakosea herufi. Tangu siku hiyo frateri akawa analeta kurasa mbili mbili.

"Mwanzo, katika maigizo yao, liliimba kundi zima," alimweleza. "Kisha mmoja akajitenga, akaanza kujibizana nao."

"Kama manju wetu anayeongoza ngoma ya Bagalu."

"Hasa. Na watu wakishazoea kujibizana, kesho watauliza hata dunia imetokana na nini."

Penzi halibishi hodi. Mwezi wa nane Athanasi alimwambia wazi kwamba akimkubali, harudi seminarini. Nyanjige alimpenda, tena sana, lakini aliogopa kuitwa mwanamke aliyemwibia Mungu mtumishi. Kila akipigiwa simu alisema, "Nitakujibu, mpenzi." Siku moja ukaingia ujumbe: "Wewe ndiye mnafiki wangu. Nasubiri."

Nyanjige aliwaka, akaifungia namba ile. Wiki tatu alikaa dukani katikati ya watu, mpweke kuliko mtu wa porini. Mvua ilipofukuza wateja, akachukua ukurasa wa mwisho ambao Athanasi alikuwa ameuacha, akauchapa ili tu mikono ipate kazi.

"Huyo aliyejitenga na kundi, Wagiriki walimwita hupokrites, yaani mjibu. Ndilo neno ambalo baadaye likaja kumaanisha mnafiki."

Akaifungulia namba ile. Akapiga simu.

"Athanasi, nilikuelewa vibaya. Jibu langu ni ndiyo."

Kengele ilisikika upande wa pili.

"Nimesharudi seminarini, Nyanjige. Nilidhani kunyamaza kwako ndilo jibu. Jumapili nilimpa gombera, mkuu wetu wa seminari, ahadi yangu ya kubaki, mbele ya wenzangu."

"Huwezi kumwambia umebadili mawazo?"

"Hapo nitakuwa mnafiki wa Kiswahili."

Nyanjige alilia bila kuficha.

"Na hizi kurasa nikutumie wapi?"

"Usitume. Hakuna aliyeniagiza kuziandika. Nilikuwa natafuta sababu ya kuja dukani kwako."