Kadi Mia Mbili za Suparjo

Ijumaa hiyo Suparjo hakukaa kitako hata mara moja. Alitoka uani, akaingia jikoni, akaenda tena barabarani kuchungulia. Hakuna aliyekuja. Nazi sitini zilirundikana uani, zikisubiri kukunwa kwa ajili ya rendang, nyama ya tui zito. Harusi ya binti yake Nelwida ilikuwa Jumapili.

"Wanawake wa kwenu hawajui kukuna nazi?" alimuuliza mkewe.

"Wanajua," Yulinar akajibu. "Ila hawajaalikwa."

"Hawajaalikwa? Na kadi mia mbili nilizogawa?"

Yulinar alikuwa amechoka kusema. Mumewe alikuwa Mjawa wa kisiwa cha Java, dereva mstaafu wa basi. Walihamia hapa kwao Yulinar, nchi ya Waminangkabau, mwaka jana tu. Nelwida mwenyewe alilelewa hapa tangu darasa la saba, kwa mjomba wake Syahrial.

Mara akaingia Ermawati, jirani yao, mwalimu wa elimu ya watu wazima. Mkononi alibeba mbuzi yake ya kukunia nazi.

"Afadhali mmoja," Suparjo akasema. "Mwalimu, hawa watu wana nini na mimi? Wananichukia?"

"Hawakuchukii, Baba Nelwida. Wanakuadhibu."

"Wananiadhibu bila kesi?"

"Ndivyo jamii inavyofanya. Kila jamii ina kanuni zake, hata kama hazikuandikwa popote. Ukizivunja, hupelekwi polisi. Watu wananuna tu, wanabaki majumbani. Hapa mtu haalikwi kwa karatasi. Anafuatwa nyumbani kwake, anapewa tambuu ya kutafuna, anaambiwa kwa mdomo. Na mwenye kualika ni mjomba wa bibi harusi, maana hapa ukoo hufuata upande wa mama."

Hasira zikampanda Suparjo. "Na mimi baba mtu? Mimi ni nani hapa, mpangaji?"

"Wewe ni baba. Baba ni nafasi moja, mjomba ni nafasi nyingine. Kila nafasi ina wajibu wake, na wajibu huo haufanani kila mahali. Wa kwenu Java uliujua tangu utotoni, kwa kuwaona wakubwa. Ndivyo jamii inavyomfunda mtu. Hapa hakuna aliyekufunda."

"Mimi nilimwambia," Yulinar akadakia. "Akasema tambuu ni kupoteza wakati."

Ni kweli Suparjo alisema hivyo. Akazunguka uani mara mbili tatu. Kisha akavaa kofia yake, akaenda kwa shemeji yake.

Syahrial alikuwa akilisha kuku. Hakugeuka.

"Shemeji, nimekosa," Suparjo akasema.

"Nimemsomesha mtoto huyu miaka kumi. Halafu naletewa kadi mlangoni, kama mtu baki. Iliniuma, bwana. Iliniuma sana."

"Najua." Suparjo akavua kofia. "Niliogopa. Nilidhani nikikuachia wewe kila kitu, mimi sitakuwa chochote kwenye harusi ya mwanangu."

Syahrial akageuka.

"Kumbe. Si ungesema? Haya, shika sinia la tambuu, twende. Na huko ukae kimya. Una mdomo kama honi ya basi lako."

Walipita nyumba arobaini mpaka magharibi. Syahrial alialika, Suparjo alishika sinia. Kimya kilimtesa, lakini alijikaza. Bibi mmoja alimkazia macho.

"Kadi yako nzuri, mkwe. Nimefunikia kopo la sukari."

Watu wakacheka, naye akacheka nao.

Jumamosi asubuhi wanawake walijaa uani, kila mmoja na mbuzi yake na maneno yake. Ilipofika saa nne, nazi zote zilikuwa zimekwisha kukunwa.

Jumapili kadhi akauliza ni nani anayemwozesha bibi harusi. Suparjo akamgeukia shemeji yake.

"Usinitazame mimi," Syahrial akanong'ona. "Hii ni kazi ya baba. Hakuna mjomba anayeweza kukunyang'anya."

Suparjo akasogea mbele, akaushika mkono wa bwana harusi. Nyumba nzima ilimsikia akilitaja jina la binti yake.