Jibu la Damu ya Malam Dahiru

Jokofu la maabara lilianza kunuka goro, lile tunda chungu wanalotafuna wazee. Asabe, aliyefanya kazi kwenye maabara hiyo pamoja na Sammani, alitoa vichupa vyote vya damu, akafuta kwa dawa, akavirudisha. Kufika adhuhuri harufu ikarudi, mbichi, kama goro linatafunwa humo humo. Kisha sauti ya mzee ikaita taratibu kutoka nyuma ya vichupa, "Sammani."

Sammani aliijua sauti hiyo, ya marehemu baba yake, Malam Dahiru. Kilichomsisimua mwili ni lile jina. Pale Kano baba hamwiti kifungua mimba wake kwa jina, wala hawatazamani usoni. Ndiyo haya yao, ile soni ya mzazi kwa mwanawe. Maisha yake yote mzee alimwita "wewe wa maabara", macho yakiwa kwenye mkeka.

Haya hiyo ndiyo iliyomuua. Mzee alikuja kupimwa damu kwa sababu mkojo ulimsumbua, na kipimo cha tezi dume kikatoka juu mno. Asabe akataka kumwambia mzee awahi hospitali, saratani ikiwa changa hutibika. Sammani akasema atamwambia mwenyewe. Jioni akapiga magoti na bakuli la tuwo, ugali wa kwao, na baba akauliza ile damu inasemaje. Mtoto ataanzaje kumtajia baba yake mambo ya chini ya kitovu? Akatazama mkeka, akajibu, "Alhamdulillahi." Mzee akala akashiba. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, ila hawakutuambia anayemfichia mwenzake afanywe nini.

Maradhi yalipoingia kwenye uti wa mgongo, daktari akamweleza mzee kwamba damu yake ilikwisha kusema zamani. Malam Dahiru aligeuza shingo, akamtazama mwanawe machoni kwa mara ya kwanza, akamtazama hivyo hivyo mpaka roho ikatoka.

Sasa jokofu liliita kila siku, na kila lilipoita, vichupa vilipata joto na kugongana kama meno, na mashine ya kuzungusha damu ikajizungusha yenyewe umeme ukiwa umekatika, huku harufu ya goro ikimfuata Sammani msikitini, kitandani, mpaka kwenye choo, ambako yeye naye alikuwa ameanza kusimama muda mrefu akisubiri mkojo unaodondoka tone tone.

Malam Shitu, mganga wa majini, aliletwa. Alisoma, akapulizia maji, akanyunyiza. Katikati ya kisomo shingo ikamkakamaa, na sauti iliyotoka kinywani mwake haikuwa yake.

"Sikuja kukaa kwenye jokofu," ilisema. "Nimekuja kumpa majibu, kama alivyonipa mimi."

Malam Shitu alipozinduka alikusanya vitu vyake bila kuaga. Asabe akanong'ona, "Kaka, pima damu yako. Leo leo." Akamtoa damu mwenyewe.

Karatasi ya majibu ilipotoka, Sammani aliishika akaona imelowa mate mekundu ya goro, haisomeki. Akampa Asabe. Asabe aliisoma vizuri tu. Uso ukasawijika, machozi yakamjaa, akamshika Sammani mkono na kufungua kinywa amwambie.

"Alhamdulillahi," alisema, kwa sauti ya Malam Dahiru.

Akajiziba mdomo kwa hofu. Akajaribu tena, likatoka neno lile lile. Akachukua kalamu aandike, na wino ukageuka mate mekundu.

Sammani alikimbia hospitali, akapimwa upya. Daktari alisoma, akavua miwani, akamtazama kwa huruma ambayo watu humtazama nayo yatima.

"Daktari, nakuomba, niambie ukweli," Sammani alisema. "Nina watoto."

Daktari akafungua kinywa. Harufu ya goro ikajaa chumbani.