Aliyeshika Fimbo ya Vipimo

Haya hayakunipata mimi. Yalimpata rafiki yangu mpima ardhi, mbishi asiyeamini hata ndoto zake.

Yeye na msaidizi wake walikuwa bara kabisa, nyanda za juu ambako mabonde ni mapana mpaka wachungaji huitana kwa miluzi. Wapimaji nao wameiga: msaidizi akishasimamisha fimbo ya vipimo, hupiga mluzi, ndipo mwenye darubini asome tarakimu zilizochorwa juu yake.

Jioni ile ukungu ulianza kushuka. Rafiki yangu akamtuma shemeji yake, ndiye aliyekuwa msaidizi, na fimbo ng'ambo ya bonde. Baadaye akasikia mluzi. Akachungulia: mtu kasimama wima, fimbo mkononi. Akasoma, akaandika.

"Shemeji, usinigombeze," sauti ikasema nyuma yake. "Nimeteleza huko chini, fimbo imevunjika."

Akageuka. Shemeji alikuwa na matope hadi magotini, vipande viwili mikononi.

"Sasa kule umemwacha nani?"

"Kule wapi? Hata sijafika."

Mluzi ukalia tena. Rafiki yangu akainamia darubini. Yule mtu alisimama vilevile, hajainua mguu. Ila tarakimu za fimbo yake zilionekana kubwa kuliko mwanzo, kama za kitu kilichosogea karibu, na mluzi uliofuata ulitokea upande wao wa bonde.