Shahidi wa Njia ya Bengamisa

Kiti cha nyuma cha gari ya Mahmoudi hubeba watu wanne, wapende wasipende. Asubuhi ile, mjini Kisangani, kabla ya kuondoka kwenda Bengamisa, aliwakuta watatu wamebanana upande mmoja. Upande wa dirisha ulikuwa wazi.

"Musongee. Iko mutu mumoja anabakia."

Madina, muuza mawese, akamshangaa. "Tusongee wapi, papa? Tumukalie huyu mama?"

"Mama gani?"

"Huyu wa chikwangue. Iko na damu, papa." Akavuta kitenge chake kisiguswe.

Mahmoudi akawasha gari, akaondoka na hao watatu. Wiki tatu nyuma, mchana wa mvua, alikuwa amemgonga Philomène, muuza chikwangue, ile mikate ya muhogo inayofungwa kwa majani, na hakusimama. Kwenye kioo alimwona akiinua mkono. Madereva wa njia ile huambiana: usisimame, watakuchoma pamoja na gari. Ni kweli, wamechoma watu. Lakini neno hilo lina nusu ya pili, na nusu hiyo Mahmoudi aliimeza: kimbia mpaka kwa polisi wa kwanza, ujitaje mwenyewe. Pale barrière, kwenye kizuizi cha barabara, polisi alimuuliza, "Kule nyuma kuko nini?" Akajibu, "Kuko bule, chef, hakuna kitu."

Aliyesimama ni Carlos, dereva mwenzake aliyekuwa akija nyuma. Alimpakia yule mama amkimbize hospitali, naye akakata roho njiani. Watu walipoona damu kwenye gari ya Carlos hawakutaka maelezo. Sasa Carlos yuko gerezani akingoja hukumu, na wema wake umemtokea puani.

Mahmoudi alikwenda kwa maalim Zakaria, akamsimulia yote. Maalim akamwandikia kombe, akamnywesha. Kabla hajamaliza kumeza alitapika majani ya chikwangue, mabichi, yenye harufu ya damu, na hakuwa amekula kitu tangu jana.

Maalim akashusha sauti. "Huyu haiko Philomène. Philomène alienda kwa Mungu. Hii ni jini ya njia, na ule uongo yako ya barrière ndiyo nyumba yake. Enda useme kweli mbele ya juge. Fanya mbio, kabla itoke kwa kiti iingie kwa mwili yako."

"Nitasema, maalim. Lakini niko na batoto."

"Na Carlos, ye iko na bambuzi?"

Mahmoudi aliona haya, ila haya haikumfikisha mahakamani. Alisema Ijumaa hii, kisha Ijumaa ijayo, na huku yeye akihesabu Ijumaa abiria walianza kumwona yule mama nyuma ya dereva, halafu katikati, halafu mbele kabisa, ubavuni pake, mpaka hakuna aliyekubali kukaa hapo, na jua likiwa utosini Mahmoudi alisikia bega lenye maji likimwegemea, na pumzi ikimpiga sikioni, polepole, ya mtu anayengoja mlango ufunguliwe.

Siku ya hukumu bega halikuwepo. Akashukuru, akavaa shati safi, akaenda mahakamani, na safari hii alikuwa amenuia kweli. Carlos alikuwa amekonda, macho yamemtoka. Mahmoudi akainua mkono, akaruhusiwa, akasimama mbele ya hakimu. Neno lilikuwa tayari kifuani: ni mimi.

Baridi ikamtambaa chini ya ulimi.

"Niliona yote," kinywa chake kilisema, kwa sauti yake mwenyewe, tulivu. "Ni Carlos alimugonga."

Carlos alipiga kelele jina lake mara mbili, kisha askari wakamtoa. Mahmoudi alitaka kuanguka chini, alitaka kulia, alitaka kuukata ulimi ule kwa meno, lakini mwili ulisimama wima na uso, alihisi wazi, ulikuwa ukitabasamu kwa heshima.

Mama mzazi wa Philomène, kizee wa Mangobo, akajikokota mpaka kwake, akaushika mkono wake kwa mikono yote miwili.

"Aksanti, mutoto yangu. We peke yako ulisema kweli. Mungu akuchunge kwa njia."

"Amina, mama," kinywa kikajibu.