Yaya Aliyeitikia

Ubishi ulianza kwa kitambaa cha kichwa. Munyiva, mteja wa miaka mingi, alikuwa kwenye kiti cha katikati akisukwa, akasema kwamba katika kipindi cha jana Yaya Perisi alikuwa amejifunga kitambaa cha buluu. Veronicah, aliyekuwa akimsuka, alisimamisha vidole.

"Buluu gani? Perisi hujifunga nyeupe. Kila siku nyeupe."

"Wewe ulikuwa unaangalia ama ulikuwa unapika?"

Millicent, mwenye saluni hiyo ndogo ya Kenyatta Market, aliwasikiliza huku akimtikisa bintiye Awiti aliyekuwa mgongoni. Hakutaka kuingilia, kwa sababu yeye alikuwa ameona kitambaa cha njano chenye madoadoa, kama kile alichopenda kujifunga marehemu dada yake Adhiambo, aliyemlea mama yao alipokuwa mgonjwa. Alidhani labda runinga yake imeanza kuharibika rangi.

Wiki nzima saluni hiyo iliishi kwa "Mji wa Mabati", mchezo wa kuigiza wa televisheni uliowarudisha watu kwenye Nairobi ya kale, wakati mji ulikuwa tope, reli na paa za mabati. Ndani yake alikuwamo Bwana Zakaria mfanyabiashara wa ngozi, mkewe Bi Eda mwenye hasira, mtoto wao mchanga, na yaya wao Perisi. Wanawake wa saluni hawakuwachambua wahusika peke yao. Waliwachambua na waandishi. Walikubaliana kwamba anayeandika maneno ya Bwana Zakaria hajawahi kuoa, maana hakuna mume anayeongea vile, na kwamba anayemwandika Bi Eda aliachwa na mtu akiwa angali anampenda.

"Lakini huyu anayeandika Perisi," alisema Veronicah, "huyo amelea mtoto kwa mikono yake. Huyo anajua."

"Mwandishi si huyu hapa? Tumuulize," akasema Munyiva.

Wote wakageukia kiti cha dirishani. Debra Nyokabi alikuwa mmoja wa waandishi wa mchezo huo. Alielekezwa hapo na Shem, mume wa Millicent, aliyekuwa bawabu wa nyumba ya mawe kule Lavington ambamo mchezo ulikuwa ukipigwa picha. Kwa kawaida Debra alipenda kuulizwa. Siku hiyo alitazama chini tu.

"Mimi hata angevaa gunia," Millicent akasema, akipiga miayo. "Huyu mtoto halali, na mimi silali. Perisi akikuja kwangu leo, nampa Awiti mkononi, nalala mpaka kesho kutwa."

Waliangua kicheko. Debra hakucheka.

Wengine walipotoka kwenda kula nyama choma, Debra alimshika Millicent kifundo cha mkono. Vidole vyake vilikuwa baridi.

"Mama Awiti, yale maneno yako. Yarudishe."

"Maneno gani?"

"Ya kumpa mtoto." Sauti yake ilikuwa imeshuka hadi mnong'ono. "Hakuna Perisi."

"Hakuna aje?"

"Kwenye maandishi yetu kuna yaya, lakini haonekani. Bi Eda anaita tu, 'Yaya! Yaya!' akiangalia mlangoni. Hatukumpa jina. Hatukutafuta mtu wa kumwigiza. Juzi tumekaa na wenzangu tukarudia vipindi vyote, picha baada ya picha. Mlango uko wazi na hakuna mtu. Halafu nafungua simu nakuta nchi nzima inabishana kuhusu Perisi. Kila mtu na kitambaa chake."

"Debra, mimi nimemwona. Kila jioni namwona."

"Najua," akasema Debra, na macho yake yakajaa machozi. "Jana na mimi nilimwona."

Jioni hiyo, katika chumba chao cha Kawangware, Millicent alimsimulia mumewe. Alitarajia amcheke. Shem aliweka kikombe chini polepole.

"Kuna mwanamke huanika nepi nyuma ya jikoni," alisema. "Kila asubuhi nikizunguka ua namkuta. Nilijua ni mmoja wa waigizaji. Ni mpole sana. Huniuliza, 'Awiti ameamkaje?'"

"Nani alimwambia jina la mtoto?"



Wangeweza kuiacha runinga ikiwa imezimwa. Lakini hofu nayo hutaka kuhakikishiwa, na saa ya kipindi ilipofika Millicent mwenyewe ndiye aliyebonyeza kitufe, Awiti akiwa mapajani. Bi Eda alitokea akiwa na hasira zake, akageukia mlango wa jikoni akaita, "Yaya! Yaya!" Na Perisi akaingia, kitambaa cha njano kichwani. Hakumtazama Bi Eda. Aligeuza uso taratibu hadi akawa anatazama moja kwa moja ndani ya chumba, akamwona mtoto, akatabasamu, akaanza kuimba.

Awiti aliinua mikono yote miwili, kama anavyofanya mtoto anayetaka kubebwa.

Shem aliruka akang'oa waya ukutani. Picha ilikufa. Wimbo haukufa, ule wimbo wa kubembeleza aliokuwa ameanza Perisi uliendelea, mdogo, wa puani, na haukutoka tena kwenye runinga bali nyuma ya pazia lililotenga kitanda, na pamoja nao ikaja harufu ya maziwa yaliyoungua juu ya kuni, ilhali ndani ya nyumba ile hapakuwa na kuni wala maziwa, hadi Shem alipolivuta pazia wakakuta kitanda kimetandikwa vizuri kuliko Millicent alivyokuwa amekitandika.

Tangu jioni hiyo Awiti hakulia.

Hakulia kwa njaa wala kwa kulowa. Majirani walimsifu, wakasema sasa amekuwa mtoto wa heshima. Na Millicent, aliyekuwa hajapata usingizi kamili tangu ajifungue, alianza kulala usingizi mzito kama wa mgonjwa aliyepigwa sindano, na kila akiamka alimkuta mtoto amekwisha kuogeshwa, amepakwa mafuta, amevalishwa, nywele zake changa zinanuka moshi. Aliyemwogesha si yeye. Si Shem. Lakini jambo lililomvunja moyo ni kwamba alipomtolea ziwa, Awiti aligeuza uso. Aligeuza kwa adabu, kama mtu aliyekwisha kula kwingine, na mashavu yake yalizidi kubonyea.

Walimpeleka kwa daktari, wakaambiwa mtoto hana ugonjwa.

Alasiri moja mvua ilinyesha na umeme ukapotea soko zima. Veronicah alikuwa ametoka kutafuta mshumaa. Millicent alibaki peke yake, Awiti mgongoni ndani ya leso, akifagia nywele sakafuni, na alipoinama alihisi mgongo wake umekuwa mwepesi, si kama mtoto amesogea bali kama leso imebaki tupu, akainua macho kwenye kioo kirefu cha ukutani akajiona mwenyewe na fagio lake, na leso aliyojifunga imelegea kama gunia lisilo na kitu, na nyuma yake, pale ambapo kwenye chumba hapakuwa na mtu, mwanamke mwenye kitambaa cha njano akisukasuka taratibu, na mgongoni mwake yeye amelala Awiti, mdomo wazi, shavu limelala vizuri kabisa juu ya bega lile.

Mwanamke aliweka kidole midomoni. *Usimwamshe.*

Millicent alipiga ukelele uliowatoa watu vibandani. Veronicah alimkuta chini, akiikumbatia leso kwa mikono yote miwili. Mtoto alikuwamo, amelala, mwili baridi kama chupa.

Ni Veronicah aliyewapeleka kwa Mama Oyoo, mama wa maombi wa kanisa lao la kanzu nyeupe, aliyeishi Parklands katika chumba kilichokuwa nyuma ya maghorofa. Debra alikuja pia, bila kulazimishwa. Mama Oyoo hakupiga ngoma wala hakunyunyiza maji. Alimchukua Awiti, akaweka sikio kifuani pake, akasikiliza muda mrefu.

"Anayemlea huyu si marehemu wa mtu," alisema. "Ni jini lisilo na nyumba. Mlikuwa mnaita ndani ya ile nyumba, siku baada ya siku, mlango wazi, na hakuna mwenye kuitika. Likaitika."

"Mama, ilikuwa kuigiza tu," Debra alisema.

"Lenyewe lilijua mnaigiza?"

Mama Oyoo alimrudishia Millicent mtoto.

"Ninaweza kuwaombea, lakini si mimi niliyeliita. Wewe uliyeandika mwito, utakwenda ukaufute mbele yake. Na wewe, mama, uliyelipa mtoto kwa mdomo wako, utamchukua kwa mdomo huohuo. Msilitukane. Mmeliajiri, basi litaachishwa kazi kama mfanyakazi. Na msilidanganye hata neno moja. Ukilidanganya limeshinda."

Jumapili, wapiga picha wakiwa wamepumzika, Shem aliwafungulia Debra na Millicent, Awiti akiwa kifuani mwa mama yake, lango la Lavington. Nyumba ya mawe ilikuwa imetulia mchana mweupe, bustani imefyekwa, ndege wanalia kwenye ua wa michongoma kama kwamba hakuna baya linaloweza kutokea mahali penye nyasi nzuri namna hiyo. Ndani, vyombo vya kale vilikuwa vimepangwa kwa ajili ya kipindi: taa za chemli, masanduku ya bati, kitanda cha mtoto cha mbao. Kilikuwa kikitikisika peke yake.

Debra alisimama sebuleni, pale anaposimama Bi Eda, akautazama mlango wa jikoni.  Akaita.

"Yaya!"

"Abee, mama," ikajibu sauti ya upole.

Harufu ya maziwa ya kuungua iliwafunika. Alitokea akijifuta mikono kwenye aproni, na Millicent akaona kwamba viganja vile havikuwa na mstari hata mmoja, vilikuwa laini kama ndani ya kibuyu. Halafu akautazama uso. Ulikuwa uso wa dada yake Adhiambo, na mwanya wake wa mbele.

"Yaya," Debra alisema, "nilikuita bila kukujua. Nisamehe. Nyumba hii haina mtoto. Ni mbao na nguo za kuazima. Nimeufuta ule mwito kwenye maandishi, na hakuna atakayekuita tena hapa."

Kile kitu kiliinamisha kichwa, kikakubali. Kisha kikamgeukia Millicent.

"Lakini huyu ana mtoto wa kweli. Na alinipa."

"Nilikupa," Millicent alisema. Alitaka kusema ilikuwa mzaha, akakumbuka onyo, akajiuliza kama kweli ulikuwa mzaha, na akaona kwamba haukuwa. "Siku ile nilitaka mtu amchukue. Nilitaka kabisa. Sasa namchukua mwenyewe."

"Nimekosa nini, Mili?" Ndivyo Adhiambo peke yake alivyokuwa akimwita. "Amewahi kulia mikononi mwangu?"

"Hajalia."

"Amewahi kulowa?"

"Hapana."

"Wewe umechoka. Tazama macho yako. Utamchapa siku moja."

Shem alisonga mbele, Debra akamzuia kwa mkono. Millicent alikuwa analia, machozi yanamdondokea mtoto usoni, na maneno yalipokuja yalikuja yote kwa pamoja, bila kituo, kwamba ndiyo amechoka, amechoka tangu mimba, amechoka hadi kuna alfajiri anamtazama mtoto na hahisi kitu, na pengine siku moja atamchapa na baadaye ajichukie, na maziwa yake ni machache na chumba chake kinavuja na hajui kuimba kama Adhiambo, lakini huyu ni wake, akiwa na njaa alie, akilowa alie, na yeye atachoka naye hivyo hivyo mpaka mmoja wao azeeke.

"Kazi imeisha, Perisi," alimaliza. "Asante. Nenda."

 Uso wa Adhiambo ulififia, ukawa wa mwanamke mwingine, na mwingine, na mwisho haukuwa uso wa mtu yeyote. Kile kitu kikavua aproni, kikaikunja vizuri, kikaiweka juu ya meza. Kikapita jikoni, na mlango wa nyuma ukafunguka, ukafungwa. Kitanda cha mbao kilisimama.

Awiti akalia.

Alilia kwa sauti kavu, yenye hasira, ya mtoto mwenye njaa ya siku nyingi, akageuza kichwa akitafuta, na alipolipata ziwa aliling'ang'ania hadi Millicent akauma meno kwa maumivu. Debra alijiinamia kwenye sakafu akalia naye. Baadaye aliacha kazi ile, na mashabiki walilalamika mwezi mzima kwamba waandishi wapya wamemwondoa Perisi bila hata kumuaga.

Walitembea kurudi Kawangware kwa miguu, wakipita kuta ndefu na mabawabu waliogeuka kumtazama mtoto aliyekuwa akipasua hewa kwa kilio. Walipofika kwenye mteremko, Shem aliona mkewe anayumba kwa uchovu. Alinyoosha mikono.

"Leta nikupokee, Mama Awiti."

Millicent alisimama. Aliitazama mikono ile, akamwambia ageuze viganja juu. Shem aligeuza. Millicent alivikagua mstari kwa mstari, hata kovu la panga la utotoni alilipapasa kwa kidole.

"Tulikutana wapi mimi na wewe?" akauliza.

Shem alikaribia kucheka, kisha akaona uso wake. "Hospitali ya Kisumu. Foleni ya dawa. Ulikuwa umembeba mama yako mgongoni."

Ilikuwa kweli. Millicent aliitikia kwa kichwa, akamfungua mtoto kutoka kifuani, akamweka mikononi mwa baba yake. Walipoanza kutembea tena, mkono wa Millicent ulikuwa bado umeshika ncha ya leso aliyofungiwa mtoto, na hakuiachilia.