Bango la Baba Chiriku

Tarehe kumi na moja Juni, saa kumi na mbili na robo jioni, mjane wa mchora mabango alichukua brashi na kopo la rangi nyeupe, akaenda kufuta bango la kaburi la mumewe. Bango hilo alilichora mjane mwenyewe.

Marehemu alisifika kwa herufi nene. Hazikuwa na kona hata moja. Zilivimba kama puto, na matundu ya B yalikuwa madogo kama vifungo vya shati. Alizichora kwenye saluni, maduka ya pipi na shule za chekechea. Ukiziona tu toka ng'ambo ya barabara, miguu inakupeleka.

"Hizi zinaita watu, mke wangu," alizoea kusema. "Makaburini tunaandika nyembamba."

Mjane alikumbuka. Lakini herufi nyembamba zilikuwa za kila maiti, naye alimtaka mumewe. Akaandika BABA CHIRIKU, nene, za buluu.

Tangu hapo binti yao, Chiriku, alikutwa kaburini kila jioni. Mwili ukizidi kukonda.

"Ana hamu na babake tu," alisema jioni hiyo wifi wa mjane, dada wa marehemu, akicheka. "Wewe naye! Kila kitu shetani. Shetani hana kazi nyingine?"

"Jana nilifunga komeo la juu, wifi. Hata akipanda kiti halifikii. Na bado nilimkuta kaburini."

Wifi akaacha kucheka. Akampakata mtoto. "Nenda. Mimi simwachii."

Makaburini palinuka tapentaini, ile dawa ya kuzimulia rangi aliyokuwa akinukia mumewe... na kopo lake bado lilikuwa limefungwa.

Nyasi zilikanyagwa hadi kwenye bango. Njia pana, kama ya mbele ya duka linalouza sana.

Chiriku ni mtoto mmoja tu.

Akapaka nyeupe. Ikateleza kama maji juu ya mafuta. Akapaka tena. Buluu ikarudi, imenona zaidi. Alipozichora, kati ya herufi na herufi palipita kidole. Sasa zilibanana.

Akazigusa.

Zilikuwa na joto.

Akaita jina la Mungu, akaling'oa bango kwa mikono miwili, akarudi mbio bila kugeuka nyuma.

Nyumbani Chiriku alikuwa amelala fofofo. Kwa mara ya kwanza alikuwa amemaliza chakula chake chote.

"Alikuwa ananivuta, anataka kutoka," wifi alinong'ona. "Ghafla akalegea, akaomba chakula. Umelifuta?"

"Rangi haikushika. Nimeling'oa."

"Ukalitupa wapi?"

"Nitupe jina la mume wangu? Nimelilaza juu ya kaburi. Kifudifudi, asilisome mtu."

Wifi akainuka.

"Kifudifudi... Maandishi yanamwangalia yeye, kule chini?"

Harufu ya tapentaini ilikuwa imeanza kuingia ndani, taratibu, kupitia chini ya mlango.

Wakashikana mikono, wakapiga magoti kando ya kitanda cha mtoto.

Ee Mungu, mpumzishe marehemu wetu. Msamehe makosa yake, umpe amani. Mlaze, ee Mungu. Mlaze usingizi mzito, asisikie anapoitwa. Amina.