Mume Wangu Hakuvunja Sheria, Alikula Mizinga ya Baba

Wasomaji wenzangu, nina miaka thelathini na moja na watoto wawili. Naishi Gongoni kwa dada yangu, nauza vitumbua. Mume nilikuwa naye... hakufa! Nilimwacha mwenyewe, na hadi leo sijuti.

Baba yangu ni mrina asali. Mizinga yake ya magome aliitundika msituni tangu ujana wake, kila mmoja na alama yake. Kwetu, mwenye njaa akipita porini anaweza kula asali ya mwenzake palepale chini ya mti. Lakini kuibeba kwenda nayo nyumbani? Mwiko! Hata mwizi wa kuku hagusi mzinga wa mtu.

Kisha tukahamishiwa kijiji cha ujamaa, kando ya barabara ya Nzega. Mume wangu, Idrisa, akawa katibu wa kijiji. Ikatangazwa kwamba mali yote iliyobaki kule tulikohama itakuwa ya kijiji, isipokuwa mwenyewe aje mkutanoni aitaje, au amtume mtu amsemee.

Baba alikuwa hoi kitandani, mguu umevimba, hata uani hafiki. Akamwita Idrisa amsemee. Mkwe wake, jamani! Angemwamini nani mwingine? Idrisa akamwambia apumzike, hilo amwachie yeye. Nami nilifurahi, nikajiona nimeolewa na mtu wa maana!

Siku ya mkutano nilikuwa nyumbani namkanda baba mguu. Kumbe mwenzangu amekaa pale mbele, kimya! Mizinga ikapitishwa kuwa ya kijiji. Ilipoulizwa nani agawiwe iwe yake, bwana huyo aliyekosa ulimi akapata mkono wa kunyoosha. Akapewa yote.

Hatukujua lolote mpaka msimu wa kurina. Idrisa akaingia ndani na debe la asali. Nikamuuliza ya wapi. Akanijibu huku analamba vidole kwamba ni ya mizinga ya baba, ila siku hizi ni yake.

Nikadhani ananitania... Akanieleza taratibu, kama mwalimu na mtoto mzito, kwamba hakuna sheria inayomlazimisha kumsemea mtu. Watoto wakataka kuionja. Wallahi niliwavuta mikono, nikatoka nao nje!

Baba alipopata nafuu kidogo, tulimpakia kwenye baiskeli mpaka mahakama ya mwanzo. Hakutaka ugomvi, alitaka mizinga yake tu. Ndiyo iliyomlisha, ndiyo iliyonilea mimi. Bila hiyo angebaki mtu wa kuomba chumvi kwa majirani.

Hakimu akamuuliza Idrisa kama kweli aliahidi. Akakubali, bila haya wala soni! Hakimu akasema kijiji kiligawa mali yake kwa haki, na ahadi ile ya mdomo haimfungi mtu. Idrisa hana kosa.

Hana kosa! Nyie, hiyo ndiyo haki?

Tukatoka nje. Idrisa akaja nyuma yetu, anatabasamu, amevaa shati lake safi. Akainamisha kichwa kwa adabu zote, akasema, "Shikamoo, baba."

Baba yangu hajawahi kuacha salamu ya mtu. Hata mlevi humwitikia. Akasimama ameshika baiskeli, akanigeukia mimi.

"Mwanangu," akasema, "huyu nimwitikie?"

Nikamwambia, "Usimwitikie, baba."

Tukaondoka. Kanga zangu na vyombo vyangu viko kwake hadi leo, sivitaki. Baba anapalilia mashamba ya watu, na mguu ule ule.

Ndugu zangu, nawaombeni sana. Mtu akikukabidhi jambo lake, usikimbilie kuuliza kama utafungwa ukimgeuka. Idrisa hajafungwa hata siku moja. Ni katibu mpaka sasa, anakula, ananenepa... na pale kijijini wazee wakimwona anakuja wanaingia ndani, ili asiwape shikamoo yake.